Mkulima wa Mitaboni

Historia hupenda majina makubwa. Wafalme, majemadari na magavana huandikwa vitabuni, na wanafunzi huzikariri tarehe zao. Mkulima hana bahati hiyo. Akifa huzikwa kando ya shamba lake, na habari zake hukaa vinywani mwa wanawe mpaka nao waondoke duniani. Walakini katika Mitaboni, kwenye vilima vya Kathiani, kaskazini ya mji wa Machakos, mkulima aliandika habari zake mwenyewe kwa jembe na sururu. Kila mwenye macho aweza kuzisoma katika matuta ya ngazi yaliyokatwa mbavuni mwa vilima, toka juu hata bondeni.

Ili kujua thamani ya maandiko hayo, yafaa kwanza kujua hali ya nchi aliyoirithi. Serikali ya Kiingereza iligawa sehemu ya ardhi ya Wakamba kwa walowezi, na vilima vya Mua vikawa mashamba ya wageni. Watu na mifugo walibanwa katika eneo dogo. Majani yalikwisha, mvua ikapiga udongo mtupu, na makorongo yakafunguka mashambani. Mwaka wa 1937 Colin Maher, ofisa wa kuhifadhi udongo, aliandika taarifa juu ya uharibifu huo. Serikali iliamua kwamba kosa ni la ng'ombe, na mwaka wa 1938 ikaanza kuwauza kwa nguvu. Muindi Mbingu wa Ngelani aliongoza wanaume, wanawake na watoto hata Nairobi kudai mifugo yao, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Yeye alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu, lakini uuzaji wa nguvu ulikoma. Mkulima alishinda shauri la ng'ombe; udongo wake, hata hivyo, uliendelea kwenda na maji.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, serikali ilitumia amri tena. Watu waliitwa na machifu kuchimba mitaro kwa siku zilizowekwa. Wengi walikwenda kwa shingo upande, maana waliogopa kwamba ardhi ikipona itachukuliwa kama ile ya kwanza. Matuta mengi yalikuwa membamba, na mvua kubwa iliyabomoa. Kazi ya kulazimishwa haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe hairudiwi ikiharibika.

Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Baadhi ya askari waliorudi kutoka vitani walikuwa wameona Bara Hindi milima iliyokatwa ngazi ikalimwa. Wakulima walianza kuchagua namna iliyopata jina la fanya juu. Mtu huchimba mtaro kuufuata usawa wa kilima, akautupa udongo upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupanda majani ya kulisha ng'ombe. Mvua ikija, udongo unaoteremka huzuiwa hapo, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka kuwa uwanja. Kazi hii ni nzito kuliko ile ya amri. Basi kwa nini mtu aliyeikataa nyepesi aliikubali nzito?

Jibu limo nyumbani mwake. Mkulima huyu alikuwa baba. Wakati huo Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa ilitaka shamba lililokatwa matuta. Kahawa ilikuwa karo, na karo ilikuwa mlango wa shule. Aliyeinama mtaroni aliona mbele yake mtoto ameshika kitabu. Hapo shamba likawa lake na matuta yakawa yake. Yakibomoka, aliyajenga upya bila kuitwa na mtu.

Wala tusimsifu peke yake. Baba wengi walikuwa Nairobi wakitafuta mshahara, wakirudi likizoni na fedha ya kununua plau au mbegu. Jembe lilibaki mkononi mwa mama. Vikundi vya mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, vilipita shamba kwa shamba, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Sifa ya mkulima wa Mitaboni ni sifa ya nyumba nzima.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Mwaka wa 1932 Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu 238,000. Mwaka wa 1989 walikuwa 1,393,000. Wengi walidhani kwamba watu wakiongezeka namna hiyo nchi itakuwa jangwa. Lakini Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yaliongezeka. Haikuwa pepo. Ukame wa 1984 uliwatesa watu, na sehemu kavu za kusini hazikufaidi sawa na vilima vyenye mvua. Hata hivyo nchi iliyohesabiwa kuwa inakufa ilikuwa hai.

Wanafunzi, wengi wenu mmekaa darasani kwa sababu mtu fulani aliinama shambani. Kumkumbuka ni jambo jema, lakini fikirini namna ya kumkumbuka. Tuta halidumu milele. Fuko huutoboa ukingo, mvua huingia hapo, na korongo la zamani hufunguka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo urithi huu haupokewi mara moja kama fedha. Hupokewa kila mwaka kabla ya mvua, kwa mikono. Aliyesoma kwa matuta hayo, awe mwalimu, mganga au karani, na aende siku moja kutazama kama ukingo wa baba na mama yake bado umesimama.