Kamera ya plastiki Kisaki: picha 12 tu, na bibi hataki kupigwa

Kuna mdau kaniuliza kwa nini mwandishi wa habari mzima, mwenye simu inayoweza kupiga picha mia tatu kwa asubuhi moja, anahangaika na kamera ya plastiki inayofanana na mwanasesere wa mtoto. Jibu lake ni refu kidogo na linapita Kisaki. Vuta kiti, ndugu msomaji.

Tuanzie mbali. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Speke na James Grant, walitoka pwani kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Msafara wao ulipita Zungomero, nchi ya Wakutu, upande huu huu wa kusini mwa Milima ya Uluguru ilipo Kisaki. Grant alikuwa na kamera. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kusafishwa kabla dawa haijakauka, ndani ya hema la giza. Sasa fikiria hema lililozibwa kila upande, na jua la huku tunalijua! Speke aliona mwenzake atamfia, akaamua kamera irudishwe Zanzibar. Grant akaendelea na safari akichora kwa mkono.

Wengine walikuja na bunduki. Septemba 1916 Kisaki ilikuwa uwanja wa vita kati ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na vikosi vya Afrika Kusini vilivyokuwa upande wa Waingereza. Januari 4, 1917 mwindaji maarufu Frederick Selous akapigwa risasi Beho Beho, kusini ya hapo. Kaburi lake lipo, sura yake ipo vitabuni. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa maelfu, na katika picha wanaonekana migongo tu, bila majina. Mimi hilo linanikera kila nikiliwaza.

Upigaji picha ulishuka kwa watu wa kawaida taratibu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa Brownie, kisanduku cha kadibodi kilichouzwa dola moja ya Marekani. Mwaka uliofuata ukaja mkanda wa 120, ambao unatengenezwa mpaka leo. Miaka ya 1960 Hong Kong ikaleta Diana, plastiki tupu, na mwaka 1982 hapo hapo Hong Kong ikazaliwa Holga, ambayo ndiyo ninayo. Aliyeibuni, T. M. Lee, aliwalenga wananchi wa kawaida wa China, ambako mkanda wa 120 ndio uliokuwa ukipatikana kwa wingi. Haikuwachukua sana, kwa sababu kamera za mkanda wa milimita 35 ziliingia na kuteka soko. Wasanii wa Magharibi ndio walioiokota.

Ukiishika utacheka. Lenzi ni plastiki. Umbali unapimwa kwa vikatuni: mtu mmoja, watu watatu, kundi, mlima. Kuna swichi ya jua na mawingu ambayo kwa miaka mingi haikubadilisha chochote, kasoro ya kiwandani! Mwanga unapenya kwenye maungio, kwa hiyo unaiziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Lakini pembe za picha zinatoka na kiza kizuri, na kwa kuwa kubonyeza hakutegemei kuvuta mkanda, unaweza kurundika picha mbili mahali pamoja. Mwaka 2000 David Burnett aliipeleka kwenye kampeni za Al Gore, na picha yake ikashinda tuzo. (Na msidhani kuchezea picha ni ubunifu wa Wazungu. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha za wateja wake zamani sana.) Uzalishaji wa Holga ulisimama mwaka 2015, ukarudi mwaka 2017.

Naam, Kisaki. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Alikuwa na picha moja tu maishani, amesimama na wenzake na Mchina mmoja mwenye kofia. Mchwa waliila ndani ya sanduku. Babu hana sura tena, isipokuwa kichwani mwa bibi.

Mwaka juzi nilimpiga bibi picha kibao kwa simu. Simu ikaibiwa stendi, na uzembe wangu sikuwa nimezihifadhi popote. Safari hii nimeshuka kwenye basi la Morogoro, nimetoa shikamoo, kuona kamera tu akanigeukia:

"Mume wangu, wewe na hao wageni wa mbugani mna tofauti gani? Mnapiga, mnaondoka nazo."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwonyesha mkanda, nikamwambia humu zimo 12 tu na zitarudi kwenye karatasi. Akafikiri, akaenda kubadilisha kanga.

Nikapiga tano nyumbani, tano stesheni na relini, mbili njiani. Mkanda niliusafisha mwenyewe bafuni, Sinza. Nne ziliungua kwa mwanga, mbili zilikuwa ukungu mtupu. Moja nilisahau kuvuta mkanda, kwa hiyo bibi amekaa kwenye kigoda na reli inampita kifuani mpaka mbali. Nilivyoiona nilipiga kelele peke yangu bafuni. Hii ndiyo, nikasema, babu na bibi pamoja.

Nilizipeleka mwenyewe wiki tatu baadaye. Ile ya reli aliitazama kidogo tu, akaigeuza kifudifudi.

"Mimi sijafa bado, mbona umenifanya mzimu?"

Aliyoichagua ni ile niliyotaka kuitupa: imepinda, kidole changu kiko pembeni, yeye anamfukuza kuku. Ameiweka kwenye mfuko wa plastiki akaining'iniza kwenye boriti, mbali na mchwa. Mzimu nimerudi nao Dar.