Kibamba: kijiji kilichobebeshwa vita

Aprili 2025 ilitimia miaka 60 tangu Wakuba 14 wavuke Ziwa Tanganyika usiku, kutoka Kigoma, na kushuka alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965 katika Kibamba, kijiji kidogo kusini ya Baraka, teritwari ya Fizi. Mmoja wao, mzungu aliyetambulishwa kama daktari anayejua Kifaransa, aliitwa Tatu. Jina lake hasa lilikuwa Ernesto Guevara, yule Che. Kumbukumbu hiyo ilikuta Kivu Kusini katika msiba mwingine, kwani Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari, na kwa hiyo si ajabu kama Kibamba haikukumbukwa.

Lakini Kibamba haikukumbukwa hata miaka ya amani, kwa kadiri Fizi ilivyowahi kuwa na amani.

Kuelewa kwa nini Wakuba walishukia hapo, ni lazima kuitazama ardhi yenyewe. Ufuo ni ukanda mwembamba, na nyuma yake milima inasimama ghafla, bila bonde la kupumzikia. Mbele ni ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470, na ng'ambo yake ni Tanzania. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira na kufuata maji hadi Baraka, kisha inaliacha ziwa, inapanda Fizi na kwenda Lulimba kuelekea Kalemie. Vijiji vya ufuoni vilivyo kusini zaidi vimebaki na mitumbwi na njia za miguu. Mahali pa namna hiyo serikali hupafikia kwa taabu, na mwasi hupafikia kwa usiku mmoja wa boti.

Wenyeji wa Fizi wengi ni Babembe, watu wenye asili moja na Balega, ambao wazee wao walishuka kutoka misitu ya Itombwe. Ufuoni walikutana na kuchanganyika na Babuyu, Babwari na Bagoma. Wanalima mihogo mlimani, na usiku usio na mwezi wanavua ndagala kwa taa. Mbelgiji alikuja, akatoza kodi, akaondoka. Mwaka 1964 waasi wa Simba wakaiteka Uvira na Fizi, na mji wa Stanleyville ulipowaponyoka Novemba mwaka huo, milima hii ikawa moja ya ngome zao za mwisho. Hao ndio Wakuba waliokuja kuwasaidia.

Yaliyofuata tunayajua zaidi kwa kalamu ya Che mwenyewe, aliyeandika akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam baada ya kushindwa. Katika kumbukumbu zake vita vikubwa vya Bendera, tarehe 29 Juni, ni aibu, lakini ugomvi uliomchosha kila siku ulikuwa wa mizigo. Silaha, unga na maharagwe vilivuka ziwa kutoka Kigoma na kurundikwa Kibamba. Kambi ya juu, iliyoitwa Luluabourg, ilikuwa kilometa kama tano tu, lakini ni kilometa za kupanda mlima moja kwa moja. Nani abebe? Wapiganaji wengi walikataa, wakijibu kwamba wao si motokari. Walipowaona wageni wakibeba, wakaongeza kwamba wao si Wakuba pia. Che aliandika hayo kwa uchungu, akiona uvivu na ukosefu wa nidhamu.

Mimi nayasoma kwa jicho jingine. Mtu aliyekulia chini ya Mbelgiji, ambaye baba yake alipandishwa mlima na mzigo wa bwana mkubwa kichwani, akipewa bunduki hawezi tena kukubali kuwa mpagazi. Ila mzigo hauendi wenyewe. Uliangukia mabega ya wakulima na wanakijiji, nao hawakuwa na bunduki ya kukatalia. Che anakiri kwamba wakulima ndio waliowalisha na kuwabebea. Majina yao hayakuandikwa.

Majina tuliyoachiwa ni ya wakubwa na ya waliokuwa karibu nao. Léonard Mitoudidi, mkuu wa majeshi ambaye Che alimwamini kuliko wengine, alizama ziwani karibu na hapo mwezi Juni. Alikuja kutia watu moyo, akafa maji. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi wa upande huu, alifika Julai, akakaa siku tano hivi, akarudi Kigoma. Freddy Ilanga, kijana aliyepewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili, alipelekwa Kuba, akawa daktari katika mji wa Bayamo na akafia huko mwaka 2005 bila kurudi Kongo.

Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walishuka Baraka kwa boti, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Wakuba wakavuka kurudi Kigoma. Boti hazikutosha. Wapiganaji wengi wa Kikongo waliachwa ufuoni, pamoja na wanakijiji.

Kabila alirudi milimani, akaanzisha chama cha PRP mwaka 1967 na kuijenga Hewa Bora, kambi yake ya Fizi. Mwaka 1975 watu wake waliwateka wanafunzi wanne katika kituo cha Gombe cha Jane Goodall na kuwavusha ziwa mpaka upande huu. Vita vya 1996 na 1998 vikawasukuma Babembe kwa maelfu hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ng'ambo ile ile walikotoka Wakuba. Kuanzia 2005 baadhi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Wengine hawajarudi.

Nikiulizwa Kibamba ina watu wangapi, sina namba ya kutoa. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984, chini ya Mobutu. Kinachofanyika tangu hapo ni kuandikisha wapiga kura, kila uchaguzi unapokaribia. Mwanamke aliyezaliwa Kibamba mwaka uliofuata sensa hiyo ana umri wa kuwa bibi, na bado hakuna karani wa sensa aliyewahi kumuuliza jina.