Huzuni ya Watoto Katika Zama za Maradhi Makuu

Katika habari za maradhi makuu yaliyoikumba Afrika ya Mashariki, mtoto hutajwa mara mbili: hutajwa katika hesabu ya waliougua, na hutajwa katika hesabu ya walioachwa yatima. Yaliyompata moyoni hayaandikwi, wala si kwa uchache wa karatasi. Wazee wetu waliamini, na wengi wetu twaamini hata leo, ya kuwa mtoto hana huzuni ya kudumu. Hulia asubuhi, adhuhuri akacheza. Na mwenye kucheza, yasemwa, amekwisha sahau. Nia yangu ni kueleza jinsi imani hiyo ilivyojaribiwa kando ya ziwa la Viktoria, upande wa Kagera na upande wa Uganda, tangu Ukimwi ulipoingia hata siku shule zilipofungwa kwa sababu ya korona.

Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa katika Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa huo, wakauita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wachuuzi wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine walisema ni uchawi wa wenye mali waliodhulumiwa. Mwaka 1987 watu wazima wa mji wa Bukoba walipopimwa, karibu mmoja katika kila wanne alikutwa na virusi. Hawa ndio waliokuwa wakilima, wakizaa na kulea. Walipoanguka, watoto walibaki mikononi mwa bibi na babu, na mahali pengine mikononi mwa ndugu yao mkubwa aliyekuwa bado amevaa kaptula ya shule.

Mwandishi wa makala hii alikuwa na umri wa miaka saba alipofariki shangazi yake. Nilipelekwa kwa jirani kutwa nzima, nikapewa senene na ndizi za kuchoma kuliko siku nyingine yoyote. Niliporudi jioni niliuliza, nikajibiwa, "Shangazi amesafiri." Lakini kwetu maiti huzikwa katika kibanja, na asubuhi yake niliona tuta la udongo mbichi katika migomba ile ile tuliyokuwa tukijifichia. Nilijua. Tena nilijua ya kuwa haifai kujua, na hilo la pili ndilo lililonisumbua zaidi. Kwa miezi mingi sikupita upande ule, wala hapana aliyeniuliza sababu.

Ukimya huu haukutoka katika ukatili. Ulitoka katika aibu ya ugonjwa, katika hofu ya kunyooshewa kidole, na katika mapenzi pia, maana mzazi hupenda kumkinga mwanawe asipate jambo zito kabla ya wakati. Ila wakati ulikuwa umekwisha fika. Mtoto aliyemwosha mama yake, akampikia uji, akamchotea maji na kukesha kando ya kitanda chake, ndiye aliyeambiwa kuwa ni mdogo mno kujua mama anaugua nini. Basi alijitungia sababu mwenyewe, na mara nyingi katika sababu hizo mkosaji alikuwa ni yeye.

Wataalamu walichelewa. Walihesabu kwanza sare za shule, mablanketi na kilo za unga, vitu vilivyohitajiwa kweli, nami sivibezi. Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika mitaa ya maskini ya Dar es Salaam, ambamo mayatima 41 walilinganishwa na watoto 41 wasiofiwa. Katika mayatima, 34 kwa kila mia walikuwa wamepata kufikiri kujiua. Katika wenzao, 12. Mwaka 2005 uchunguzi wa Bushenyi, Uganda, ukaonyesha mayatima kuwa na wasiwasi, unyonge na hasira kuliko wenzao. Hesabu hizi zilikuwa na jambo la kutushtua sisi walimu hasa. Taabu ya watoto wale ilikuwa ya ndani. Hawakuvunja madirisha wala kupigana. Walikaa kimya, na katika shule zetu mtoto anyamazaye hupewa sifa ya adabu njema.

Uganda ndiko lilikoanzia, kwa upande wetu, jambo la vitabu vya kumbukumbu. Wanawake wenye virusi waliokuwa katika chama cha NACWOLA, kilichoundwa mwaka 1992, walijifunza kuwaandikia watoto wao vitabu: ukoo wao ni upi, walizaliwa wapi, walianza kutembea lini, baba alikuwa mtu wa namna gani, na mama anaugua nini. Kwa maoni yangu faida kubwa haikuwa kitabu. Mama hakuweza kuandika sura ile ya mwisho bila ya kwanza kumketisha mwanawe na kumwambia.

Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 uliundwa mpango wa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Walimu na walezi walifundishwa kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Baadaye vijana mayatima wenyewe wakaanzisha chama chao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi miongoni mwao, wakaweka akiba zao na kutembeleana misibani. Mtu mzima aweza kumpa yatima shauri zuri, lakini hawezi kumpa jambo ambalo yatima mwenziwe humpa kwa kukaa naye tu. Na mwaka 2003 ukaja mpango wa Kwa Wazee, uliowapa akina bibi pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha ya bibi yaonekana kuwa mbali na moyo wa mjukuu. Asiyewahi kulala katika nyumba ambamo bibi husikika usiku akihesabu sarafu zisizotosha, huyo ndiye anayeweza kuona hivyo.

Ndipo ikaja korona. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020, ikazifungua zote tarehe 29 Juni. Kenya ilifunga mwezi huo huo wa Machi, na wanafunzi wote hawakurudi hata Januari 2021. Uganda, ingawa madarasa mengine yalirudi kwa vipindi, haikufungua shule zote mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Sizungumzi juu ya masomo yaliyopotea, maana yamekwisha kusemwa sana. Kilichoondolewa ni kile kile ambacho Nshamba ilikuwa imekiona kuwa dawa: kukaa kwa mtoto pamoja na watoto wenziwe. Kenya iliagiza mazishi yasihudhuriwe na zaidi ya watu 15, na katika 15 hao ni nani angemhesabu mtoto? Yale yaliyofanywa zamani kwa desturi sasa yalifanywa kwa amri, na amri ilikuwa na sababu yake. Lakini aliyebaki nyumbani hakuelezwa zaidi ya yule wa mwaka 1988.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 alifariki mzee jirani yetu, ambaye kila jioni alikuwa akimfundisha mwanangu kucheza bao. Mtoto alikuja mezani kwangu, nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi juu ya habari hizi hizi za Kagera, akasema, "Baba, mbona Babu haketi tena barazani?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Babu amesafiri."

Alisimama kidogo, kisha akaondoka bila kuuliza la pili. Kuondoka kwake bila swali ndiko kulikonifanya niweke kalamu chini. Nilimfuata uani, nikamkuta amepanga kete katika vishimo alivyochimba mchangani, pande zote mbili. Nikaketi upande wa mzee, nikamwambia.