King'ora, kipenga au simu? Jinsi ya kuchagua kifaa cha kujikinga njiani

MFANYAKAZI anayeshuka kwenye matatu saa nne za usiku, mwanafunzi anayerejea bwenini na mama anayewahi soko alfajiri wana wasiwasi mmoja: hatua mia chache kati ya barabara kuu na mlango wa nyumbani.

Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana katika miji mbalimbali kulaani mauaji ya wanawake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kujeruhiwa tangu walipotimu miaka 15. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi wanatafuta kitu kidogo cha kubeba kila siku, kisichoonekana na kila mtu, lakini kitakachowafaa saa ya hatari.

Vifaa hivyo ni vingi, na si vyote vinavyofaa. Baadhi vinaweza hata kumtia mwenyewe mashakani.

Sheria yasemaje?

Hili ndilo swali la kwanza kabla ya kutoa pesa. Wanunuzi wengi hukimbilia dawa ya pilipili ya kupuliza machoni au kifaa cha kupiga mtu shoti ya umeme. Lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haitaji bunduki za risasi pekee. Katika tafsiri yake ya silaha imejumuisha pia chombo kilichoundwa ili kurusha majimaji au gesi yenye madhara, pamoja na kile kinachotoa nguvu za umeme za kumduwaza mtu au mnyama. Kumiliki silaha kunahitaji cheti. Kuuzwa kwa kitu mtandaoni au kando ya barabara si ithibati kwamba ni halali kukibeba.

Kisu nacho kina matatizo yake. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inaharamisha kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila idhini ya kisheria. Isitoshe, tangu shambulio la Westgate mnamo Septemba 2013, ukaguzi wa mikoba umekuwa jambo la kawaida kwenye milango ya maduka makubwa na afisi nyingi. Tena silaha yoyote inaweza kunyakuliwa na mshambulizi na kumgeukia mwenyewe.

Haki ya kujitetea ipo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaitambua, na mahakama hupima iwapo nguvu zilizotumika zililingana na hatari iliyokuwapo. Hata hivyo, kwa matembezi ya kila siku, kifaa bora ni kile kinachoita watu badala ya kile kinachopigana.

Kipenga

Kipenga ni cha bei nafuu, hakihitaji betri, na hakuna askari wa mlangoni atakayekizuia. Si kitu kipya katika kazi ya usalama: mnamo 1883 fundi Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, aliwatengenezea polisi wa London kipenga kilichochukua nafasi ya kayamba ya mbao waliyokuwa wakiitikisa kuita msaada.

Vipenga vya kawaida vina kidonge kidogo ndani. Kidonge hicho huweza kukwama kwa mate, maji au vumbi. Mwamuzi wa mpira wa vikapu wa Canada, Ron Foxcroft, alitatua tatizo hilo mnamo 1987 alipoleta kipenga cha Fox 40, ambacho hakina kidonge. Anayenunua kipenga cha usalama na atafute cha aina hiyo.

Udhaifu wa kipenga ni kwamba kinahitaji pumzi. Mtu mwenye pumu, aliyezibwa mdomo au aliyechoka kwa kukimbia huenda asiweze kukipuliza.

King'ora cha mkononi

Hiki ni kifaa kidogo cha betri, aghalabu cha ukubwa wa kidole gumba, ambacho huning'inizwa kwenye funguo au mkoba. Kikiwashwa hutoa mlio mkali usiokatika. Mnunuzi azingatie mambo haya:

Sauti: Vingi hutangazwa kuwa na desibeli 120 au zaidi. Mazungumzo ya kawaida ni takriban desibeli 60. Muhimu ni kujua sauti hiyo ilipimwa kutoka umbali gani, kwa kuwa mahali pa wazi sauti hupungua kwa takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Desibeli 120 zilizopimwa mita moja kutoka kwenye kifaa hubaki takriban 100 kwa mtu aliye mita 10. Zikiwa zilipimwa sentimita 10 tu kutoka hapo, mtu huyo wa mita 10 atasikia takriban 80.

Namna ya kukiwasha: Vingine hubonyezwa kitufe, vingine huvutwa kipini. Kitufe huweza kubonyezwa kwa bahati mbaya katika msongamano wa matatu. Na mshambulizi anaweza kukibonyeza tena kikanyamaza. Cha kipini huendelea kulia hadi kipini kirudishwe. Mwenyewe anaweza kukitupa king'ora upande mmoja na kukimbilia upande mwingine, kipini kikiwa mkononi mwake.

Betri: Vingi hutumia betri ndogo za mviringo kama za saa. Ni vyema kuchagua kifaa ambacho betri zake zinapatikana madukani na zinaweza kubadilishwa. Kifuniko chake kifungwe kwa skrubu, kwani betri hizo zikimezwa na mtoto huweza kumchoma koo vibaya katika muda wa saa mbili.

Hali ya hewa: Kwa wakazi wa Mombasa, Lamu na Malindi, unyevu wenye chumvi huleta kutu kwenye vyuma vya ndani. Kifaa kikaguliwe mara kwa mara.

Simu

Simu tayari imo mfukoni mwa wengi. Hata ile ndogo ya 'mulika mwizi' ina tochi, na inaweza kupiga nambari za dharura za 999, 112 na 911 bila malipo. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa dharura ambapo kitufe cha kuwashia hubonyezwa mara tano mfululizo. Mwenye simu ahakikishe mapema kwamba mpangilio huo umewashwa, na ajue unampigia nani.

WhatsApp nayo humwezesha mtu kumwonyesha jamaa mahali alipo kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Anayeabiri bodaboda usiku anaweza kuufungua mpangilio huo kabla ya kupanda.

Hata hivyo, simu ndiyo kitu cha kwanza kinachowindwa na wezi. Asiyekuwa na kingine ila simu huenda akabaki mikono mitupu.

Kibebwe wapi?

Kifaa kilichozama chini ya mkoba, kati ya kitana na risiti, ni sawa na kilichoachwa nyumbani. Kinapaswa kufikiwa kwa mkono mmoja, gizani, bila kutazama: kwenye mshipi, kamba ya mkoba au funguo zilizoshikwa mkononi. Kamba ya shingoni isitumiwe isipokuwa iwe ya aina inayofunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Vinginevyo inaweza kumkaba mwenyewe.

Kufichika kwake kuwe kwa kiasi. Adui asikitambue upesi, lakini mkono wa mwenyewe usikitafute. Kijaribiwe mara moja kila mwezi, na majirani waelezwe mapema ili waijue sauti yake.

Mipaka yake

Mlio haumzuii mtu kwa mikono. Hununua sekunde chache tu, nazo ni za kukimbilia penye taa na watu: duka, kituo cha mafuta, lango la ploti. Mwizi mwenye silaha anayetaka simu au pochi apewe. Mali hununuliwa tena.

Vilevile, ukatili mwingi huwapata wanawake mikononi mwa watu wanaowajua, tena ndani ya nyumba. Hapo king'ora cha funguo kina nguvu kidogo. Neno la siri walilokubaliana na jirani, ufunguo wa akiba na nambari 1195 ya bila malipo ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia huweza kufaa zaidi. Aliyebakwa anapaswa kufika hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Kuna na neno la mwisho la kuchunga. Katika mitaa yetu, kelele ya "Mwizi!" huweza kuleta umati wenye mawe na tairi, na watu wasio na hatia wamewahi kuuawa kwa neno hilo moja. Anayepiga kamsa na aseme "Nisaidieni!" na ataje mahali alipo. Wanaosikia nao wana wajibu wao: kutoka nje, kuwasha taa, kupiga simu. King'ora cha bei ghali zaidi hakina maana katika mtaa ambao kila mmoja, akisikia mlio, hufunga dirisha.