Kufuli la Bombolulu

Watu wangu wa Diani mpaka Msambweni, nikitaja Bombolulu wengi wenu mnafikiria ile ya Mombasa. Hapana. Naongelea shule ya wasichana ya Bombolulu, upande wa Mazeras, humu humu Kwale. Machi 1998 bweni liliwaka usiku. Mlango umefungwa, madirisha yana vyuma. Wasichana zaidi ya 20 wakafa.

Watu wakauliza: nani aliwasha? Sawa, swali hilo lina maana. Lakini moto ni kitu kimoja na kufuli ni kingine. Mzazi akishamwacha mtoto getini, kisheria shule ndiyo inashika nafasi yake. Sasa mzazi gani huyo anamfungia mtoto ndani, dirisha lina vyuma, halafu anaenda zake kulala?

Machi 2001, Kyanguli kule Machakos: wavulana 67. Mlango umefungwa, vyuma dirishani. Yale yale! Wazazi wakaenda kortini, na kesi ikaburuta zaidi ya miaka 10 ndipo mahakama ikasema walipwe fidia, kwa uzembe.

Mwongozo wa usalama shuleni ulikuja 2008. Mlango wa bweni ufunguke kuelekea nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, dirisha lisiwe na vyuma. Ukisoma ni kama unasoma habari ya Bombolulu kinyumenyume.

Mimi nililala bweni miaka mingi baada ya huo mwongozo. Kila usiku saa nne tulisikia kufuli likifungwa kwa nje. Tukaambiwa ni usalama wetu.

Bweni lenu je, lilikuwaje?