Rubani Staa Ambaye Hakuna Aliyethubutu Kumwambia "Subiri Kwanza"

Wadau wa Rock City na kanda nzima ya ziwa, leo nawaletea staa mmoja ambaye kama kawaida yetu hapa jina simtaji. Mholanzi, miaka 50, rubani. Enzi zake ukifungua jarida la shirika la KLM unakutana na sura yake kwenye tangazo. Sio tu kwamba alikuwa anarusha Boeing 747, yeye ndiye alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege hizo, yaani marubani wenzake walikuwa wanapita mikononi mwake kupata cheti. Inasimuliwa kwamba tarehe 27 Machi 1977, habari ya ajali ilipofika ofisini kwao, mabosi walianza kumtafuta yeye ili wampeleke akasaidie kuchunguza. Baadaye ndio wakagundua kwamba ndege iliyoua ilikuwa inaendeshwa na yeye.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe, maana watu wengi wanadhani ajali kubwa kuliko zote za ndege ilitokea juu angani. Hapana. Ilitokea chini, kwenye njia ya kurukia, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ndege mbili kubwa, zote Boeing 747, zikagongana. Watu 583 wakafa.

Siku hiyo bomu lililipuka kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha jirani, Gran Canaria, kwenye duka la maua. Uwanja ukafungwa, ndege zikaelekezwa Tenerife, kiwanja kidogo chenye njia moja tu ya kurukia. Ndege zikapaki mpaka kwenye barabara ya pembeni ambayo hutumika kusogea. Kwa hiyo ukitaka kuruka ilibidi upite juu ya njia yenyewe mpaka mwisho, ugeuke, halafu uruke ukirudi ulikotoka. Na hii sio kitu cha ajabu kwetu. Viwanja vyetu vingi vidogo ndege ikitua inageuka na kurudi juu ya njia ile ile ndio ifike sehemu ya kushusha abiria. Tofauti ni kwamba siku ile KLM ilikuwa imeshafika mwisho na kugeuka, wakati ndege ya Pan Am ya Marekani bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, wanatazamana. Na katikati ukungu mzito. Mnara hauwaoni, wao hawaonani, na rada ya kuonyesha ndege zilizoko chini haikuwepo.

Kilichobaki ni redio.

Muongoza ndege akaipa KLM maelekezo ya safari, yaani ukishapaa ufuate njia gani. Hiyo sio ruhusa ya kuruka, lakini ndani yake kulikuwa na neno "kuruka". Rubani msaidizi akarudia yale maelekezo halafu akamalizia kwa kusema kitu kama "sasa tuko kwenye kuruka". Hebu niambie hapo umeelewa nini? Tunakaribia kuruka? Tuko tayari? Au tumeshaanza kukimbia? Mnara ukajibu "sawa", ukakaa kimya kidogo, kisha ukasema wasubiri wataitwa. Sekunde ile ile Pan Am nao wakaingia redioni kusema wao bado wapo juu ya njia. Sauti mbili zikigongana kwenye masafa mamoja, anayesikiliza anapata mlio tu kama wa filimbi. KLM wakasikia vizuri lile "sawa". Yaliyofuata yakamezwa na mlio.

Sasa hapa ndio pananiuma. Ndani ya KLM kulikuwa na mtu wa tatu, injinia wa ndege. Yeye alishtuka. Akauliza, yule wa Pan Am hajatoka njiani? Staa wetu akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ametoka. Injinia akanyamaza. Rubani msaidizi naye akanyamaza, na kumbuka cheti chake cha 747 alikuwa amekipata kwa huyo huyo mkuu, hata miezi mitatu haijapita.

Wewe uliyekulia huku Usukumani, au popote pale Bongo, unaijua hiyo hali. Mzee kaongea, wewe unaendelea? Ofisini bosi kasema faili lipo sawa, wewe mwenye wiki mbili kazini utasema halipo? Mtu akikupinga ukishampa shikamoo unamuona hana adabu. Sisemi shikamoo ni mbaya, naipenda na nitaendelea kuitoa. Ila wale walikuwa Waholanzi, watu tunaoambiwa wanaongea usoni bila kupepesa macho, na bado cheo kiliwafunga mdomo.

Baada ya hapo dunia ya ndege ilibadilika sana. Neno la kuruka likawekewa mipaka, linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, kwingine kote wanatumia neno jingine la kuondoka. Ukiambiwa usimame kabla ya njia, kujibu "sawa" hakutoshi, unarudia maelekezo yenyewe ili mnara usikie umeelewa nini. Na marubani wakaanza kufundishwa kitu ambacho mimi naona ni kikubwa kuliko mitambo yote, mdogo kumsahihisha mkubwa, na mkubwa kukubali bila kununa.

Mtu atasema hayo ni ya 1977, sasa hivi kuna kompyuta. Haya, tarehe 2 Januari 2024, Tokyo, uwanja wa Haneda. Ndege ya walinzi wa pwani ya Japani imebeba misaada ya tetemeko la siku moja nyuma. Mnara unawaambia wao ni namba moja na wasogee mpaka sehemu ya kusubiri. Wao wakaichukulia "namba moja" kama wamepewa kipaumbele, wakaingia kwenye njia na kusimama pale kama sekunde 40. Skrini ya mnara ilikuwa inatoa onyo, hakuna aliyeliona. Airbus ya Japan Airlines ikatua juu yao. Kwenye Airbus walikuwemo watu 379 na wote walitoka kabla haijateketea, mabegi wakayaacha. Kwenye ile ndogo walikuwa 6, wakafa 5.

Karibu zaidi na sisi ni Nairobi, uwanja wa Wilson, tarehe 5 Machi 2024. Hii ilitokea angani, sio kwenye njia, lakini ni ugonjwa ule ule wa ndege mbili kutumia nafasi moja. Dash 8 ya Safarilink yenye watu 44 ilikuwa imetoka kuruka kwenda Diani, ikagongana na Cessna ya chuo cha urubani. Dash 8 ikarudi ikatua salama. Cessna ikaanguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Wilson ina njia zinazokatizana, ndege za abiria na za wanafunzi zinapishana kutwa nzima.

Mwanza hatuna msongamano wa Wilson, lakini mchanganyiko tunao. Pale uwanjani njia ni moja, inatumiwa na ndege kubwa za Air Tanzania, ATR za Precision, vile vidogo vya Caravan na ndege za jeshi. Miaka ya 2000 kulikuwa pia na madude ya Ilyushin yanayobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Moja ilianguka ziwani Machi 2005 ikitokea hapa hapa, watu 8 wakafa. Ile filamu ya Darwin's Nightmare iliyoleta makelele mjini, pale mwanzoni kuna jamaa wa mnarani anahangaika na mdudu kwenye kioo, huku kazi yake ni kuyapokea hayo madude. Watu walibishana kuhusu samaki na silaha, sijaona aliyemuongelea yeye.

Kwa hiyo kama una mjomba au shangazi aliyekaa kwenye mnara ule enzi za ndege za samaki, mpe simu aandike hapo kwenye komenti. Nataka kujua kama kuna siku alishawahi kumwambia rubani mkubwa kuliko yeye "simama hapo hapo", na yule akajibu nini.