Hizi Mbili Haziwezi Kukosea

Mwaka nilioacha chuo niliandika kaprogramu kadogo ka kuhesabu kurasa zinazochapishwa kwenye saiba moja mtaani. Tukakajaribu kwa mashine ya kwanza, antivairasi ikalia. Mwenye saiba akahamia mashine ya pili, yenye antivairasi ya kampuni nyingine. Ikalia pia.

"Kijana, hizi mbili haziwezi kukosea pamoja," akasema. Pesa yangu ikaishia hapo.

Kumbe zinaweza. Na hilo lilionyeshwa kabla mimi sijajua hata kuwasha kompyuta.

Wazo la kuunganisha injini kadhaa za ukaguzi ni la zamani. F-Secure ya Ufini ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 90, na G Data ya Ujerumani ikaweka injini mbili za wenzake ndani ya programu yake. Hesabu ilikuwa rahisi: kila maabara ina hazina yake ya alama za virusi, kwa hivyo kinachompita huyu kitanaswa na yule. Mashine inakuwa nzito, sawa, lakini unalala.

Halafu mwaka wa 2004, Hispasec, kampuni ya Málaga huko Uhispania, ikaanzisha VirusTotal. Unapakia faili, injini nyingi zinaikagua kwa mpigo, bure. Google iliinunua 2012, na leo injini zimepita 70. Faili zilizopakiwa hugawiwa kampuni za antivairasi ili zijifunze. Ni kitu kizuri. Pia ndipo shida ilipoingilia.

Wataalamu wa Kaspersky walitengeneza faili 20 zisizo na madhara yoyote. Kwa 10 kati yao, wakaiambia injini yao wenyewe idanganye, iseme hizi ni virusi. Zote 20 wakazipeleka VirusTotal. Baada ya siku kama kumi hivi, zile 10 zilizosingiziwa zilikuwa zimelaumiwa na hadi kampuni nyingine 14. Waliyaeleza haya hadharani mwaka wa 2010.

Fikiria hapo kidogo. Kumi na wanne! Si kwamba kila mmoja alifungua faili akaona ubaya. Maabara hupokea mafaili mengi mno kwa siku, hakuna binadamu wa kuyasoma yote, basi mitambo inaangalia mwenzake amesema nini. Ni kama mtaani: mmoja akipiga kelele "mwizi!", wa kumi hajui hata kilichoibiwa.

Mei 2016 VirusTotal ikabadilisha masharti: kampuni ya antivairasi inayotaka kuvuta majibu ya wengine lazima nayo ilete injini yake, ikaguliwe mbele ya watu. Kuna waliokuwa wakila bila kupika.

Kaprogramu kangu bado kako kwa flashi. Hakuna mashine nyingine nimekapeleka.